Mla Tunda Hakati Mnazi

Mnazi wa kumi na moja ulianguka kabla ya adhuhuri, nao ulikuwa mnazi wa Tabia.

Mwanamvua binti Bwanaheri aliusikia ukiguna kabla ya kuuona ukilala. Mnazi haukatiki kama mti mwingine. Ndani una nyuzinyuzi, shoka likizama hushikwa, na kila likinasuliwa shina hutoa mguno. Uliguna mara nyingi. Kisha ukaenda chini na madafu yake yote, na vitale, na vidaka ambavyo havijafikia hata ngumi ya mtoto, vikatawanyika mchangani kama shanga zilizokatikiwa na uzi.

Tabia alikuwa binti yake wa pili, aliyekufa kwa ndui akiwa na miaka sita. Siku kitovu chake kilipodondoka, marehemu Mbaruku, mume wa Mwanamvua, alichimba shimo, akatia majivu na chumvi, akakizika kitovu humo, na juu yake akasimamisha nazi iliyochipua. Ndivyo walivyofanya watu wa Mlingotini tangu mababu. Kila mtoto ana mnazi wake. Mtoto akifa, mnazi unabaki, na mama ana mahali pa kuegemea mgongo.

Hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha machozi tangu mnazi wa tatu. Alisimama amejifunga kaniki kiunoni, akiwatazama wakataji, watu wa Vigwaza walioletwa kwa ujira. Hawakumtazama machoni. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alipopita karibu yake kufuta jasho alimwambia kwa sauti ya chini:

"Bibi, sisi ni shoka tu. Mpini umeshikwa na mwingine."

Mwenye kushika mpini alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, upande wa kisima, akiandika katika daftari. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu tangu aingie Mlingotini kazi yake ilikuwa kuvuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Jina lake la Kiingereza lilikuwa gumu na hakuna aliyeona sababu ya kusumbuka nalo.

Mwajabu, jirani, alikuja na sinia na kisu. Alisema kwamba moyo wa mnazi usiachwe uoze, kuitupa riziki ni dhambi, naye alikuwa amekwisha kuipika mioyo ya ile minazi kumi na kuigawa kwa majirani. Mwanamvua alimshika mkono.

"Huu ni wa Tabia. Hauliwi."

Mwajabu aliweka sinia chini, akakaa pamoja naye.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo. Siku zile liwali wa Sultani ndiye aliyekata mashauri ya watu, na Mwanamvua alikuwa amekwisha kwenda kwa liwali. Alikwenda akiwa na haki, akarudi hana.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma. Mbaruku aliweka nadhiri ya kwenda kuhiji, mauti yakamtangulia. Mjane wake akaapa kwamba nadhiri ile haitabaki shingoni mwa marehemu. Bwana Kamba wakati huo alikuwa akitafuta mbata, wakaelewana: yeye atatoa nauli ya mtu wa kumhijia Mbaruku, na badala yake atakula matunda ya ile minazi arubaini na minane kwa miaka saba. Kukodisha minazi si jambo geni pwani. Mwenye kukodi huangua, hufua, hukausha mbata na kuuza. Mnazi si wake. Hata kuti bichi hakati mpaka aombe. Hata mtoto anayejifunza kukwea anajua kwamba mla tunda hakati mnazi.

Karatasi iliandikwa Unguja, kwa Kiingereza, nakala mbili. Mwanamvua alitia jina lake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, polepole, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza ajifunze kuandika. Nakala yake aliifunga kitambaani, akaiweka kashani pamoja na tasbihi ya Mbaruku. Hija ikatimizwa. Mwaka wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, bei ya pamba ikapanda huko Ulaya, na Bwana Kamba akaanza kupeleka jicho kwenye ile ardhi chini ya minazi. Jumatatu moja mashoka yakaja.

Jumatano Mwanamvua alikuwa barazani kwa liwali. Karatasi ilihitaji mtu wa kuisoma, na mjini kote aliyejua Kiingereza cha karatasi alikuwa mmoja, Seleman, mtoto wa kaka yake Mbaruku. Seleman alilelewa Unguja katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kiingereza. Alirudi na koti, mwavuli na lugha ile, na tangu hapo hakuna meli ya Waingereza iliyotia nanga asiitwe kukalimani. Ukoo ulimwonea fahari. Mwanamvua naye alimwonea fahari, na siku ile alipomwona anasimama na karatasi mkononi, alisema moyoni: leo mtoto wangu atanitetea.

Seleman alisoma mstari wa kwanza, akafasiri. Akasoma wa pili, akafasiri. Wa tatu akaanza kwa sauti ileile, kisha akasita.

Mwanamvua alikujua kule kusita. Kulikuwa kwake. Baada ya kumaliza eda, akiwa na miaka arubaini na tatu, alikwenda kukaa mkekani katika chuo cha Bi Ashatu, katikati ya watoto wa kike wa miaka saba na minane, kujifunza msahafu tangu alifu. Alikuwa mzito. Bi Ashatu hakuwa mkali kwa asiyejua. Alikuwa mkali kwa anayebuni. Sheria yake ilikuwa moja: ukifika usipopajua, simama, useme, "Sijui, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye," kisha ungoje ufundishwe. Kubuni juu ya maandishi, alisema, ni kumsingizia aliyeyaandika. Mwanamvua aliyasema maneno yale mara nyingi hata wale watoto wakampa jina, Bi Sijui, wakimcheka wazi, naye akicheka pamoja nao.

Basi alingoja Seleman aseme. Seleman hakusema. Aliinama, akamwonyesha Bwana Kamba neno kwa ncha ya kidole, akanong'ona. Bwana Kamba alinong'ona pia. Seleman akainuka, akarekebisha koti, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akilijua:

"Neno hili, bwana liwali, ni neno kubwa la sheria. Yuzufrakti. Maana yake ni kumiliki kabisa, shamba na vyote vilivyomo."

Mwanamvua aliruka kusimama. Alisema kwamba hakuuza, na kwamba mkalimani ameuliza neno kwa adui yake mbele ya macho ya watu. Watu hawakuwa wametazama, walikuwa wakitazama mwavuli. Liwali alikuwa mtu mwoga wa Waingereza na mvivu wa mabishano. Alisema maandishi ni maandishi. Kama bibi ana mtu wa kulisoma neno vingine, amlete Jumamosi. Akikosa, asirudi tena. Na mashoka? Mashoka, alisema liwali, hayakukatazwa na karatasi aliyosomewa.

Ndiyo maana siku ya pili yake mnazi wa Tabia ukaanguka.

Adhuhuri ile Mwanamvua aliswali pale pale shambani, karibu na shina lililolala. Aliswali kwa hasira, na hakumficha Mungu hasira yake, maana angeificha wapi. Alipomaliza aliinua mikono. Ya Rabi, alisema, sikuombi subira leo. Subira ninayo mpaka imenichosha. Nipe kujua. Kisha akaenda kuitoa karatasi kashani.

Alasiri alifika Bagamoyo kwa mguu, akipitia Kaole. Alianza kwa Mhindi mmoja muuza nguo, aliyekuwa akiandikiana na Waingereza wa Unguja. Mhindi alisoma polepole, akatikisa kichwa, akasema neno lile hajapata kuliona na hawezi kumdanganya mtu mzima. Mwanamvua alimshukuru kama mtu aliyepewa kitu. Halafu akamwendea Ausi, mzee aliyewahi kutia makaa katika manowari ya Waingereza, ambaye kila mtu alisema anajua Kiingereza chote. Ausi hakujua kusoma, lakini hilo halikumzuia. Aliomba atamkiwe lile neno, akafumba macho, akasema analijua sana, ni jina la kamba, kamba nene ya kufungia nanga, na nahodha akilisema kwa ukali mabaharia wote hukimbia. Mwanamvua alimtazama.

"Kwa hiyo, mzee Ausi, mimi nimempa Mwingereza minazi yangu arubaini na minane kwa kamba ya nanga?"

Ausi alifikiri kidogo, akasema huenda ikawa kamba nyingine.

Alilala kwa ndugu zake mjini. Asubuhi ya Ijumaa alifanya jambo ambalo hakuwahi kudhani atalifanya: alikwenda misheni kwa mapadri Wafaransa. Njia nzima alisoma Ayatul Kursiyyu, siyo kwa kuwaogopa mapadri, ila kwa kuogopa maneno ya watu. Hakuingia kwenye nyumba ya sala. Alizunguka upande wa mashamba, na huko akamkuta bruda mzee, ndevu nyeupe, magoti yana udongo, akipandikiza miche ya minazi. Shimo lilikuwa na majivu. Mwanamvua aliliona jambo hilo na hasira yake ikapungua kiasi cha kuweza kusalimia.

Bruda alisema hajui Kiingereza. Lakini alipoonyeshwa neno lenyewe alicheka, akafuta mikono, akasema hili si la Waingereza, wameliazima. Ni neno la Warumi wa kale, na Wafaransa nao wanalo katika sheria zao. Waingereza wengi hawalijui, ni neno la watu wa vitabu. Aliingia ndani, akatoka na kitabu kinene kama tofali, akatia kidole kwenye mstari, akaueleza kwa Kiswahili chake cha kupindapinda.

"Ni haki ya kutumia na kula tunda la kitu cha mtu. Tunda tu. Kitu chenyewe hapana. Unakaa nyumba, huvunji ukuta. Unakama ng'ombe, huchinji. Siku zikiisha, mwenyewe arudishiwe mali yake nzima, kama ilivyokuwa."

Mwanamvua alikaa chini kwenye ukingo wa shimo. Kitu walichokijua wakwezi wa Mlingotini bila kitabu, kilikuwa kimeandikwa kule mbali miaka yote hiyo, na kimeandikwa sawasawa. Karatasi yake ilikuwa ya kweli. Tangu siku ya kwanza ilikuwa upande wake, imelala kashani juu ya tasbihi, huku minazi ikianguka.

"Na yeye anaijua maana hii?" aliuliza.

Bruda alifunga kitabu. "Aliyeandika karatasi alijua," alisema. "Na aliyeweka sahihi hakuweka kabla ya kuuliza anapata nini."

Hapo ndipo hasira ilipobadilika ndani yake. Mpaka asubuhi ile alikuwa na hasira kama ya mtu aliyekanyagwa gizani na asiyeona. Sasa alijua alikanyagwa mchana na mwenye macho mawili. Alimwomba bruda aje barazani. Bruda alisema haingii katika mashauri ya mji bila ruhusa ya wakubwa wake. Lakini liwali akituma mtu kukitaka kitabu, kitabu kitakuja, na yeye atakuwa nyuma yake.

Liwali angekitaka vipi kitabu, ilhali anaamini mkalimani wake amesema kweli? Mwanamvua alilitafuna swali hilo mpaka watu walipotoka msikitini, kisha akaenda nyumbani kwa Seleman.

Seleman alikuwa amekaa barazani kwake, kanzu safi, ametoka kuswali. Alisimama upesi.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mwanamvua hakuitika. Shikamoo ikabaki hewani kati yao. Sada, mke wa Seleman, aliyekuwa akileta mkeka, aliona nyuso zao, akarudi ndani na mkeka wake.

"Lile neno ulimwuliza nani?"

Seleman alianza kueleza kwamba maneno ya sheria ni magumu, kwamba Kiingereza kina kina kama bahari, kwamba hata Waingereza wenyewe... Mwanamvua alirudia swali lake vilevile alivyoliuliza, kwa sauti ileile.

"Nilimwuliza yeye," alisema Seleman mwishowe. "Ningefanyaje? Ningesema sijui, mbele ya liwali na watu wote wale?"

"Mimi nasema kila siku. Mbele ya watoto wa miaka saba."

"Wewe hupewi chakula kwa kujua, mama mdogo. Mimi ndiyo kazi yangu. Mkalimani akisema sijui, kesho nani atamwita?"

"Ulimwuliza mwizi kipimo cha alichoiba. Kisha jibu lake ukalivika koti lako, ukalileta mbele ya watu, wakaliamini kwa sababu ya koti. Mnazi wa Tabia umelala chini, Seleman. Ulikuwa ukiukwea udogoni, Mbaruku akikushika miguu."

Seleman alitazama mikono yake. Alisema kwa sauti iliyopotea kwamba hakujua kuwa yule bwana anamdanganya.

"Hukujua. Basi ndilo neno lenyewe. Uje uliseme kesho."

Jumamosi baraza ilijaa, maana habari za mwanamke aliyekwenda misheni zilikuwa zimekwisha kuzunguka mji. Bwana Kamba aliketi ubavuni mwa liwali, mguu juu ya mguu. Liwali alimwuliza Mwanamvua kama amempata mtu wa kulisoma neno vingine.

"Nimempata," alisema. "Yule pale." Akamwonyesha Seleman.

Watu walicheka. Mmoja wao, Mwinyijuma muuza samaki, aliuliza kwa sauti kama mkalimani sasa ana vichwa viwili. Seleman alisimama. Hakuja na koti. Alikuwa na kanzu tu na mwavuli, na mwavuli ule aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Mwanamvua alimtazama bila kumsaidia. Moyoni alikuwa akimwombea, na alijikasirikia kwa kumwombea.

"Bwana liwali," alisema Seleman, "lile neno la Jumatano silijui. Sikulijua siku ile na silijui leo. Nililosema ni aliloniambia huyu bwana, nikalifanya langu. Sijui. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

Hakuna aliyecheka. Kadhi, aliyekuwa amesinzia pembeni, alifungua macho, akasema polepole kwamba huo ndio ushahidi wa kwanza wa maana aliousikia mwezi ule. Kisha akamwuliza Mwanamvua kama kuna anayejua. Mwanamvua akakitaja kitabu, na liwali, hana tena pa kujificha, akatuma askari misheni.

Bruda alikuja na kitabu, magoti bado yana udongo. Alisoma, akaeleza yaleyale, nyumba na ukuta, ng'ombe na maziwa. Kila mtu pale alielewa kabla hajamaliza, na manung'uniko yakaanza kupanda, maana kila mmoja alikuwa na mnazi wake aliokodisha au aliokodi. Liwali akamgeukia Bwana Kamba, akasema kupitia Seleman kwamba basi aweke mkono juu ya kitabu cha dini yake, alitaje lile neno na maana yake, naye liwali atamkubali. Bwana Kamba akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuweka mkono. Alisema atalipeleka jambo hili kwa balozi wake Unguja, akavaa kofia, akaondoka.

Liwali akatangaza kwamba mashoka yatoke shambani siku ileile. Hakusema chochote juu ya minazi kumi na saba iliyokwisha kuanguka. Mwanamvua alipouliza, liwali alimwambia ashukuru kwa thelathini na mmoja iliyobaki.

"Mungu namshukuru," alisema Mwanamvua. "Wewe, bwana, sina la kukushukuru."

Akajifunika ushungi, akatoka.

Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, alikuwa shambani akichagua nazi zilizochipua, alipomwona Seleman anakuja na jembe begani. Mikono ile ilikuwa haijashika jembe miaka mingi. Alisimama mbali kidogo, hakuthubutu kuitoa shikamoo ya pili. Mwanamvua alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuanzia, kando ya kisiki cha mnazi wa Tabia, akaendelea na kazi yake.

Seleman alichimba. Shimo la kwanza likamchubua viganja, la pili likayapasua malengelenge. Mwanamvua alitia majivu, akatia chumvi, akasimamisha nazi, akashindilia kwa kisigino kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Miche ile isingezaa kabla ya miaka saba au minane. Alikwisha kupiga hesabu ya umri wake na ya miche, na hesabu ile ilimkasirisha kila alipoirudia.

Kwenye shimo la tano Seleman aliacha jembe, akauliza bila kuinua uso:

"Mama mdogo, utanisamehe?"

Mwanamvua alikuwa na nazi mkononi. Alilitafuta jibu ndani yake kwa haki, kama alivyozitafuta herufi mkekani kwa Bi Ashatu, akafika mahali asipopajua, akasimama hapo.

"Sijui," alisema. "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Chimba."